Mlango wa Nyuma Niliouziba

Haya niliyaona kwa macho yangu mawili, tena nikiwa ndani, si dirishani. Yalianza na plasta kukataa kukauka, na plasta yangu hukauka hata mvua ikinyesha. Ulizeni mji mzima wa Limerick, huku Ireland.

Nyumba yenyewe ni mojawapo ya zile ambazo halmashauri iliwajengea vibarua wa mashamba enzi za babu zetu: vyumba vitatu, kuta nene, vidirisha vya kupitisha kichwa na bega moja, na milango miwili inayotazamana, meko yakiwa kati. Fiachra na mkewe Dervla walikuwa wakiikarabati. Dervla alikuwa na mimba ya miezi tisa.

“Fundi, ziba huo wa nyuma, upepo unamuua mke wangu.”

“Milango miwili ya nyumba hizi ina sababu yake, bwana.”

“Sema tu kazi imekushinda.”

Mimi, kazi inishinde? Nikaziba kabla chai haijapoa.

Kesho yake ukuta ulikuwa mkavu, isipokuwa alama moja yenye kimo cha mtu. Ilinuka sufu iliyolowa. Dervla alikuwa akikata mkate tuliposikia komeo likiinuliwa ndani ya ukuta.

“Fundi, acha utani,” akanong'ona.

Komeo lenyewe lilikuwa mfukoni mwangu.

Kisha nyayo za maji zikatokeza pale ukutani, za mtu peku, wala mtu hayupo, zikaja taratibu hadi mlango wa mbele, zikasimama, zikarudi, zikaja tena, na kila ziliporudi harufu ile ilizidi kutukaba koo, na Dervla akauvuta mlango, nami nikauvuta, na Fiachra, aliyekuwa uani, akausukuma kwa bega kutoka nje, na mlango usitikisike hata kidogo, na hapo hapo chupa ya uzazi ya Dervla ikapasuka.

Jirani yao, Bibi Hanora, akaleta uso dirishani.

“Mmemfungia Bartley,” akasema polepole.

“Bartley gani, bibi?”

“Mchunga ng'ombe. Aliingia kwa mlango wa nyuma amelowa chapachapa, akafia hapo mekoni. Wajinga wakatoa jeneza kwa mlango wa mbele. Mgeni si hutokea mlango ule ule alioingilia? Miaka yote anapita huo wa nyuma, hamsumbui mtu. Sasa hana njia, na ninyi hatawapa yenu.”

“Bomoa,” Dervla akaniambia, meno yakigongana.

Nikashika nyundo. Ndiyo siku pekee niliyolaani uimara wa kazi yangu. Tofali la mwisho lilipoanguka, baridi ikanipita sikioni, nyayo zikatoka hadi kwenye majani, na mlango wa mbele ukafunguka wenyewe. Fiachra akambeba mkewe mbio hadi garini. Wamepata binti.

Mlango wa nyuma nimeurudisha, na komeo lake. Ila jambo moja nimelitunga: zile nyayo za kutoka. Dervla aliniuliza, “Ametoka?” nikamwonyesha majani, nikasema ndiyo, maana uchungu ulikuwa umemshika. Nyayo za mwisho nilizoziona, vidole vyake vilielekea mekoni. Hapo ndipo walipoweka kitanda cha mtoto.