Msimamizi wa Harusi Yangu Aliuza Namba ya Gari Letu... na Gari Lenyewe!

Mimi ni mjane wa miaka arobaini na tatu, na ninaishi nje kidogo ya mji wa Kitale. Wazazi wangu walitoka Nyeri kuja kulima huku Trans-Nzoia nikiwa bado nabebwa mgongoni. Nilipokua nikaolewa na Mbukusu wa Tongaren, jina lake Simiyu. Ndugu wasomaji, haya ninayowasimulia yalinipata miaka michache tu iliyopita...

Simiyu alipofariki aliniachia binti yetu, Sella, na pikapu kuukuu aina ya Peugeot. Baba mkwe aliinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akihama shamba lake, miaka ile ya uhuru. Namba yake iliishia kwa saba tatu mfululizo, 777. Sokoni Kitale hakuna aliyeniita kwa jina langu, niliitwa Mama Saba Tatu! Nilikuwa nikipakia vitunguu na kabeji, nikipeleka Bungoma siku za soko. Hivyo ndivyo nilivyomlisha na kumsomesha mtoto.

Kisha injini ikafa. Fundi aliifungua, akatikisa kichwa, akaifunga tena. Pikapu ikakaa uani, kuku wakaanza kutagia ndani yake. Mimi nikawa mtu wa kubembeleza nafasi kwenye malori ya wenzangu, nafika Bungoma kabeji zimenyauka na wateja wameshaondoka. Ningefanya nini?

Ndipo Barasa akaja.

Barasa hakuwa mtu wa kando. Ndiye aliyekuwa msimamizi wa harusi yetu. Yeye na mkewe, Nafula, walisimama mbele ya altari wakaahidi kuilinda ndoa yetu. Siku tulipomzika Simiyu, Barasa alimshika Sella mkono kando ya kaburi, akasema watu wote wakisikia, "Huyu mtoto sasa ni wangu." Alikuwa na duka la spea za magari mjini Bungoma na kila Krismasi alitukumbuka. Sasa niambieni, mtu kama huyo ningemshuku vipi?

Alizunguka ile pikapu, akaipangusa namba vumbi kwa kitambaa chake. Akasema, "Shemeji, hii gari imekufa, lakini namba yake iko hai. Kuna tajiri huko kwetu Bungoma anaitaka hii saba tatu. Ati ni ya bahati!"

Nilimuuliza kama kweli mtu anaweza kuuza namba akabaki na gari.

"Si ndiyo mambo ya siku hizi, bana! Yeye anachukua namba, wewe unaletewa ingine mpya. Pesa unaweka injini, unarudi sokoni. Mimi nitakusaidia."

Nililia kwa furaha siku hiyo. Niliona kama Simiyu mwenyewe ndiye aliyemtuma.

Nilikwenda kwake Bungoma na kitabu cha umiliki wa gari. Nafula alitupikia chai na viazi vitamu. Barasa akafumba macho, akaomba Mungu abariki kazi ya mikono yetu, kisha akanipa kalamu. Karatasi zilikuwa za Kiingereza, na mimi niliishia darasa la saba. Aliweka kidole chake, akasema, "Sahihi hapa, shemeji, na hapa. Ni za kutoa namba tu."

Nikatia sahihi. Nilitia sahihi nikimshukuru!

Ahadi zilianza kutimia. Barasa aliniletea pesa za yule tajiri, nikanunua injini nyingine. Barasa mwenyewe alikuja Kitale na bisibisi, akazifungua zile saba tatu na kufunga namba mpya zinazong'aa. Siku pikapu iliponguruma majirani walitoka nje wakapiga makofi. Nilirudi barabarani kama mtu aliyefufuka. Wateja wangu wa Bungoma walinipokea kwa vigelegele... Laiti ningejua!

Asubuhi moja ya Ijumaa nikaondoka kwenda Bungoma nikiwa nimejaza vitunguu hadi juu. Nilipofika Kamukuywa polisi walinisimamisha. Nikatoa tabasamu langu la kila siku. Askari alitazama namba, akatazama daftari lake, akaizunguka pikapu, kisha akarudi dirishani.

"Mama, hii namba umetoa wapi?"

Nikamwambia ni mpya, niliuza ile ya zamani. Alinitazama kama anayenihurumia. "Nani alikudanganya? Namba ya gari haiuzwi peke yake. Namba hufuata gari mpaka gari life. Hii umebandika hapa ni ya lori, na hilo lori liliibwa!"

Niliteremshwa mbele ya watu walionijua, wengine wateja wangu. Vitunguu vyangu vikabaki juani, nami nikapelekwa kituoni.

Lakini sikukata tamaa. Si nilikuwa na Barasa? Askari mmoja mwenye utu alimpigia simu kwa niaba yangu, naye Barasa akasema anakuja. Nikapangusa machozi, nikawaambia wanawake tuliofungiwa nao kwamba shemeji yangu akifika tu, yote yatakwisha.

Alifika. Nilisikia sauti yake pale kwenye meza ya polisi kabla sijamwona. Jamani, maneno yale siwezi kuyasahau.

"Huyo mama aliniuzia hiyo gari zamani. Niko na karatasi, sahihi ni yake. Nilimwachia aitumie kidogo kwa vile ni mjane. Nashangaa sana kuona amebandika namba ya wizi kwa gari yangu!"

Gari yangu! Nilipiga kelele, "Barasa! Shemeji! Mwambie ukweli!" Hakugeuka. Alitoa karatasi, zile zile alizoziombea, akaziweka mezani. Kumbe sikuuza namba. Nilikuwa nimempa gari lote, kwa mkono wangu mwenyewe... Na kwa kuwa karatasi zilisema ni lake, baada ya siku chache akakabidhiwa.

Nililala sakafuni hadi Jumatatu, nikafikishwa mahakamani, nikaachiliwa kwa dhamana ya kaka yangu. Nilidhani nyumbani nitapata faraja. Wapi! Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni akinisubiri. "Gari ya mzee umeuza? Na hata hukutuuliza?" Nilijaribu kueleza, akanipa mgongo. Kanisani, kiti cha karibu nami kikawa hakikaliwi. Sella alirudi kutoka shule akilia, wenzake walimwambia mamake ni mwizi wa malori. Kuna siku niliketi jikoni, moto umezimika, nikaona hakuna maana ya kuuwasha tena.

Siku ya kesi Barasa alikuja amevaa suti. Ile suti naijua, ndiyo aliyovaa kwenye mazishi ya Simiyu! Alitoa ushahidi wake kwa upole, akaapa kwa Biblia, akanihurumia hata pale mbele ya hakimu. Nilijua nimekwisha. Hakimu aliponiuliza kama nina shahidi, nikafungua mdomo kusema sina.

"Yuko!"

Ilikuwa sauti ya mwanamke kutoka nyuma. Nikageuka. Nafula! Mke wa Barasa! Alikuwa amesimama, kitambaa cha kichwa mkononi.

Nilidhani amekuja kunimaliza. Kumbe moyo wake ulikuwa umemsuta. Alisimama kizimbani bila kumtazama mumewe, akasema, "Mimi ndiye nilipika chai siku hiyo. Huyu mama aliambiwa anauza namba, si gari. Na hizo namba za lori, zilikaa chini ya kitanda chetu kabla hazijapelekwa Kitale. Mimi nilifagia hapo, nikaziona."

Barasa aliinuka kwa hasira. "Nafula, wewe ni bibi yangu!"

Akamjibu, "Na huyu tulimsimamia mbele ya Mungu."

Polisi walipochunguza, waliikuta ile saba tatu kwenye gari la yule tajiri wa Bungoma, pikapu ya Peugeot kama yetu. Gari hilo nalo lilikuwa la wizi, Barasa alikuwa amelivisha namba yetu na kitabu chetu ili lionekane safi. Mimi nikaachiliwa huru. Barasa hakungoja kukamatwa, inasemekana alivuka mpaka wa Malaba akaingia Uganda, na hadi leo hajulikani aliko.

Nilikimbilia kwake kuchukua pikapu yangu. Nafula akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba. Palikuwa na mafuta meusi tu ardhini. Barasa alikuwa ameikata vipande na kuviuza dukani kwake! Miezi michache baadaye, nikiwa Sirisia kununua maharagwe, niliona pikapu ya mtu nisiyemjua. Mlango wake mmoja ulikuwa wetu, wenye lile bonyeo la siku Sella alipozaliwa, Simiyu alipogonga nguzo ya lango. Niliugusa tu, nikaenda zangu.

Mama mkwe alikuja kuniomba msamaha, tukalia pamoja. Nafula alifukuzwa na ndugu za mumewe kwa kusema kweli. Nilimkaribisha kwangu, na leo tunauza pamoja mboga katika soko la Kitale. Watu hutuuliza tunawezaje kuketi meza moja. Mimi huwajibu kwamba alipoteza nyumba yake kwa ajili yangu. Dada yangu wa tumbo moja angefanya zaidi ya hapo?

Dada zangu, na hasa ninyi wajane wenzangu, nawasihi kwa machozi! Ukiletewa karatasi usiyoielewa, usitie sahihi, hata kama anayekupa kalamu ameanza kwa maombi. Mpelekee mwalimu, mpelekee kasisi, mpelekee mtoto wako wa sekondari akusomee. Akikasirika eti humwamini, mwache akasirike. Mwenye nia njema atangoja usomewe. Mimi niliona haya kumwambia Barasa angoje, na haya hiyo ndiyo iliyonilaza kwenye sakafu ya polisi.