Sahani Isiyo na Alama

Haya nilielezwa na Radhiya, jirani yangu hapa Wiyoni, katika kisiwa cha Lamu, mwezi wa maulidi uliopita. Tulikuwa uani kwangu tukipanga sahani za karamu ya arusi ya mjukuu wangu. Kila mwanamke hapa hupaka alama yake chini ya sahani kwa rangi ya kucha, ili ikitoka irudi kwa mwenyewe. Nikashika moja ya bati, chini haina kitu. Imekwanguliwa. Nikamuuliza hii ni ya nani. Akakaa kitako, akaanza, na chai ikapoa hatujainywa. Mengine aliyapata kwa nduguye Yassir, mengine kwa mlinzi aliyekuwamo katika mkasa huu.

Alhamisi, baada ya Alasiri

Chumba walichokutania kilikuwa Mokowe, ng'ambo ya bara, nyuma ya duka la vipuri. Dirisha limezibwa gunia. Ndani watu wanne.

Jamaludin ndiye mwenye mashua. Nyingi zinazovusha watu kutoka Mokowe kuja kwetu Amu ni zake. Husni ni fundi wake wa injini, mtu wa maneno machache na mikono myeusi kwa oili. Yassir ni nahodha wake. Wa nne alikaa karibu na mlango, kofia mapajani. Huyo ni Jabez, mtu wa bara, mlinzi wa jeti ya Mokowe, pale mashua zinapofunga.

Jamaludin alisema barabara ya lami imefika, mabasi yanaingia mapema, abiria ni wengi kuliko zamani. Sasa serikali imeleta boti yake ya umma, nauli ya chini, injini mbili mpya. Jumatatu mheshimiwa anakuja kuizindua. Ikianza, sisi sote tutakaa barazani tukiwatazama watu wetu wakipita.

"Boti bila injini ni jeneza," akasema. "Nataka injini."

Mpango ulikuwa mwepesi. Kesho Ijumaa. Adhuhuri jeti huwa tupu, wanaume wote wako msikitini. Mlinzi hubaki mmoja, na siku zote ni Jabez, kwa kuwa wenzake huenda kusali na yeye ni Mkristo. Ufunguo wa mnyororo wa ile boti ya umma uko kiunoni mwake. Husni atafungua injini. Yassir atakuja na boti isiyo na namba. Wapakie, waende Pate, wazifiche katika mikoko nyuma ya mji. Lakini wawahi. Bahari ikipwa na maji yakitoka, kisiwa cha Pate hakiingiliki.

Jamaludin mwenyewe atasali safu ya mbele, aonekane. Akiulizwa, atasema Yassir na Husni walikuwa ubavuni mwake.

Jabez aliuliza jambo moja tu. Yeye je?

"Wewe unaondoka na sisi," Yassir akamwambia. "Bao la kukalia la mbele ni lako. Utakaa Pate kwa wajomba zangu. Hutakaa tena peke yako kama nguzo ya simu."

Jabez akacheka. Miaka mingi yuko Mokowe katika kibanda cha mabati. Watu humsalimu wakipita, kisha hupita. Mtu aliyekaa naye kitako ni Yassir, na aliyempikia ni Radhiya. Kila Ijumaa Radhiya humpelekea sahani ya wali kwa mkono wa nduguye. Hakutaka kitu kingine kwa Jamaludin. Alitaka lile bao.

Akatoka kurudi zamu. Mlango ulipofungwa, Jamaludin akasema taratibu:

"Huyo abaki. Polisi watataka mtu. Yeye ndiye mwenye ufunguo, na hana wa kumuulizia."

Husni akatazama mikono yake. Yassir akanyamaza. Radhiya anasema kosa la nduguye ni hapo, hayo mengine yalifuata tu.

Ijumaa asubuhi

Yassir alikuwa anavaa viatu. Radhiya akamletea sahani mlangoni, wali wa nazi na samaki wa kupaka, imefungwa kitambaa.

"Ya Jabez," akamwambia.

Kuikataa kungeleta maswali. Akaipokea. Ilikuwa ingali moto.

Ijumaa, adhana

Jeti ilimwaga watu wake. Wachukuzi, wauza maji, makuli wa mabasi, wote wakapanda kuelekea msikitini. Basi moja tu lilibaki kwenye kituo, dereva wake wa bara amelalia usukani. Lami mpya ikawaka jua.

Boti ya Yassir ikaingia polepole, injini ikikohoa. Jabez alikuwa tayari amesimama. Yassir akampa sahani, mkono kwa mkono, kama Ijumaa nyingine yoyote. Jabez akaiweka kibandani.

"Nitakula njiani," akasema.

Wakafanya kazi. Mnyororo ukafunguliwa. Husni akashuka na spana, akilegeza bolti huku midomo yake inaomba msamaha kwa Mungu. Juu kule spika ya msikiti ikaanza khutuba. Injini ya kwanza wakaipitishia mti, wakaibeba watu watatu, wakaishusha kwa kamba. Ya pili ikamtegua Husni bega. Hakupiga kelele. Wakaishusha nayo. Boti ikazama mpaka karibu na ukingo.

Khutuba ilikuwa inaelekea mwisho.

Jabez akachukua begi lake. Alikuwa amelifunga tangu usiku: nguo, Biblia, redio. Akaweka mguu wake kwenye ngazi.

Yassir akamzuia kifuani.

"Boti imelemewa. Tukiongeza mtu, Pate hatuingii. Maji yanatoka."

"Yassir."

"Ndoo huku nikufunge kamba. Wakikukuta umefungwa, huna kosa. Maji yakijaa nitakuya kukutwaa."

Jabez akamtazama Husni. Husni akatazama bahari. Hapo Jabez akaweka begi chini, akanyoosha mikono miwili pamoja, kama mtoto anayenawishwa. Yassir akamfunga. Hakulikaza, fundo likatoka legelege.

Boti ikaondoka. Yassir hakugeuka nyuma.

Ijumaa, swala ikiendelea

Jabez alimwambia Radhiya kwamba alisikiliza mlio wa ile boti mpaka ukawa kama mbu, kisha ukawa si kitu. Boti haikupunguza mwendo hata mara moja. Akajua hawarudi.

Fundo lilitoka kwa kuvuta tu. Mbele yake lilikuwa basi, na nyuma ya basi barabara mpya, inakwenda mpaka kwao. Angeweza kupanda. Alifikiri nani angemngoja huko mwisho wake, hakumpata. Akaingia kibandani.

Sahani ilikuwa pale. Akala. Wali ulikuwa umepoa. Akala wote, kisha akaigeuza.

Chini kulikuwa na alama ya Radhiya, mistari miwili myekundu na nukta. Kila mwanamke wa Wiyoni anaijua. Akakaa nayo. Sahani ile ndiyo iliyoweza kusema kwamba Yassir hakuwa msikitini leo. Ndiyo iliyoweza kumwambia polisi kwamba Jabez hakuwa peke yake. Na ndiyo ingewapeleka askari mpaka mlangoni kwa Radhiya, wamkalishe chini wamuulize alimpa nani.

Akachomoa ufunguo wa mnyororo. Akakwangua, mpaka bati likawa jeupe.

Kisha akaivaa kamba, akalikaza fundo kwa meno, akakaa juu ya begi lake. Watu walipotoka msikitini walimkuta hivyo, wakaita polisi, akapelekwa kituoni.

Jumamosi

Mashua za Jamaludin zilikuwa zinapigwa mstari wa buluu, rangi ya boti ya umma. Injini hazipo, mheshimiwa hawezi kuzindua hewa, basi serikali imezikodi za Jamaludin mpaka nyingine zipatikane. Yassir alipewa fulana mpya yenye nembo. Nauli ilibaki ileile ya zamani.

Koplo Wairimu wa polisi alikuwa jeti, ile sahani ya kibandani mkononi. Alikuwa akimuuliza kila nahodha. Akafika kwa Yassir.

"Hii ni ya nani?"

Yassir akaipokea, akaigeuza. Akapitisha kidole chini. Palikuwa pakavu, pana mikwaruzo.

"Siijui, afande."

"Mimi nimekaa huku, najua mama wote huweka alama. Hii imekwanguliwa kwa ufunguo, na ufunguo una wekundu. Mtu aliyeachwa amefungwa alipata wapi nafasi ya kukwangua sahani? Na fundo limeumwa. Alijifunga mwenyewe. Kwa nini?"

"Siijui," akarudia Yassir, akamrudishia sahani.

Alasiri akarudi nyumbani. Radhiya alikuwa anachambua mchele. Hakuinua mato kumtazama.

"Sahani yangu i wapi?"

Yassir akamwambia yote, amesimama mlangoni. Alimwambia hata la Alhamisi, lile la kunyamaza. Radhiya aliendelea kuchambua mpaka akamaliza. Kisha akasema:

"Nenda ukaitwae."

Yassir akasema wakimkamata atabaki peke yake humu ndani. Radhiya akamjibu kwamba mtu mmoya tayari yuko peke yake, tena hakuambiwa mapema. Yassir akavua fulana, akaikunja, akaiacha juu ya kiti.

Jumamosi, Magharibi

Kituoni Mokowe hapakuwa na foleni. Yassir akasema sahani ni ya kwetu, niliileta mimi. Wairimu akavuta kiti, akaanza kuandika. Aliandika Husni. Aliandika mikoko ya Pate. Lilipotajwa jina la Jamaludin, kalamu ikasimama. Akatazama nje, mashua za mstari wa buluu zimefungwa zikikaushwa rangi. Akatazama muda. Kisha akaliandika.

Wakamfungulia seli. Jabez alikuwa amelala ubavu, amekabili ukuta, mkeka mmoja tu. Hakugeuka.

"Injini zilifika?" akauliza.

"Zilifika."

"Na wewe ulifika."

Yassir akavua viatu. Akasimama pale, viatu mkononi. Baadaye akasema alimwona Wairimu na ile sahani, na anajua alichofanya Jabez, na hajui atamshukuru vipi.

"Sikukwangua kwa ajili yako," Jabez akamwambia ukuta. "Kwa ajili ya dadako."

Kisha akajisogeza ukutani, polepole, mpaka nusu ya mkeka ikabaki wazi. Hakusema karibu. Baada ya kitambo pumzi zake zikawa ndefu, akalala.

Yassir alikaa sakafuni, mgongo mlangoni. Nje maji yalikuwa yanajaa, yanapiga nguzo za jeti. Aliyasikia yakijaa, akayasikia yakianza kutoka. Ndipo akajilaza kwenye ile nusu ya mkeka, hakumgusa mwenziwe, akafumba macho, akalala.