Sauti Ndani ya Ua la Chokaa

Kasuku ndiye aliyegundua kwamba ua la dari lilikuwa linatoka jasho.

Alikuwa juu ya jukwaa sebuleni kwa daktari, kiganja kimelazwa juu ya nakshi. "Kaka, hili ua linavuja jasho kama bwana harusi aliyesahau pete!"

"Chokaa ya zamani hunyonya unyevu," fundi akajibu kutoka chini, akikoroga jasi kwenye karai. "Bandua tuendelee."

Ndivyo walivyozoea. Fundi alikuwa mtu wa maneno ya kupima. Mdogo wake, aliyepachikwa jina la Kasuku tangu utotoni, alisema kwa niaba ya wote wawili. Aliweza kumchekesha hata mfiwa.

Kazi yenyewe ilionekana nyepesi. Daktari alikuwa amechoshwa na mapambo ya nyumba aliyorithi: ua kubwa la chokaa katikati ya dari, majani yake yamepakwa rangi juu ya rangi hadi yakavimba kama midomo. Alitaka mikanda ya foamu pembeni, jasi laini katikati, na taa za kisasa. Bibi, mama yake daktari, alipinga tangu asubuhi.

"Walioliweka hawakuliweka kwa urembo," alisema kutoka kwenye kiti chake.

"Mama naye!" Daktari alicheka, akachukua mkoba akaenda zake kazini.

Kasuku akaingiza patasi. Kitovu cha ua kikaachia bila kelele. Nyuma yake palikuwa na shimo, na shimoni ikatoka pumzi ndefu yenye harufu ya chokaa mbichi. Kasuku akafungua kinywa aseme jambo, la mzaha bila shaka, maana tabasamu lilikuwa limeshatangulia. Hakikutoka kitu. Akashika koo, midomo inacheza, macho yamemtoka.

Kisha, kutoka ndani ya dari, sauti yake ikasema, "Kaka."

Daktari mwenyewe alimpima koo, akampeleka kwa wenzake pia. Hawakuona hata mkwaruzo. Nyumbani kwao, mama yao alimlisha kwa kijiko na kumsemesha kutwa, akingoja jibu. Na nyumbani kwa daktari, sauti ilikuwa inatembea. Ilimfuata bibi kutoka sebuleni hadi jikoni, ikinong'ona juu ya kichwa chake, na kila ilipopita, mikanda ya foamu ambayo fundi alikuwa ameshaibandika ilidondoka na jasi ikapasuka, hadi daktari, aliyekuwa akicheka mambo ya mama yake, akawa anakula amesimama mlangoni, viatu miguuni, tayari kukimbia.

Bibi akamwita mganga, mwanamke wa makamo asiye na makuu, ambaye alisikiliza dari kwa muda kisha akawaita ndugu wawili karibu.

"Ni jini," alisema kwa sauti ya chini. "Lilifungwa humo na wazee. Sasa limepata sauti, na likishapata sauti linatafuta mwili. Tulirudishe upesi."

"Na sauti ya mdogo wangu?"

"Itabaki nalo. Ataishi, lakini bubu."

Fundi akavuta karai. "Nizibe kwa jasi? Inakauka haraka."

"Jasi ni ganda la yai. Tumia chokaa, ikishakaa hugeuka jiwe. Na usiache tundu, hata la sindano. Utakayoyasikia, yaache yapite."

Kasuku alimtazama kaka yake. Akaitikia kwa kichwa, halafu akafuta machozi kwa mkono wa shati, kama mtu aliyeingiwa na vumbi.

Alasiri ile mganga alisoma na kufukiza mpaka sauti ikajikusanya shimoni. Fundi alipanda peke yake. Akatandaza chokaa iliyochanganywa na katani, tabaka baada ya tabaka, akichonga jani baada ya jani, na sauti ikawa inamsihi karibu na sikio lake, kwanza kwa mzaha, kisha kwa kilio, ikisema kaka kuna giza, kaka unanizika mzima, kaka mama atakuuliza utamwambia nini, naye akajiambia kwamba pumzi kidogo tu haiwezi kumdhuru mtu, na katikati ya jani la mwisho akaacha tundu jembamba kama unywele.

"Umemaliza?" mganga aliuliza.

"Nimemaliza."

Alipofika nyumbani alisikia vigelegele vya mama yake tangu barabarani. Kasuku alikuwa amekaa sebuleni, anazungumza! Alisimama, akampa mkono.

"Karibu, fundi," alisema.

Kasuku hakuwahi kumwita kaka yake fundi. Kiganja chake kilikuwa na jasho, na jasho lile lilinuka chokaa mbichi.

Simu ikalia. Alikuwa bibi, ananong'ona. "Njoo, mwanangu. Kuna mtu analia ndani ya ua la dari. Anamwita mama yenu."

Fundi alirudi mbio kwa daktari, akapanda jukwaani, akaweka sikio kwenye ua.

"Kaka, nimo humu," mdogo wake alisema. "Nani yuko nyumbani na mama?"

Mganga aliposikia habari ya tundu, alikaa chini. "Limetoka kwa mlango uliouacha, likaingia mwilini mwake, yeye akavutwa kujaza nafasi. Ukivunja ua, itatoka roho isiyo na pa kukaa. Ukilifukuza jini, mwili utaanguka mkauzike. Sina dawa, baba."

Basi kila alasiri fundi alikwenda, akapanda, akadanganya. Mama hajambo. Mama yuko peke yake. Mama anakusubiri. Chokaa iliendelea kukaza, na sauti ikawa nzito, maneno yakaja moja moja, hadi siku ile iliposema, "Kaka, ziba."

"Usiseme hivyo."

"Nikikusikia, nangoja. Nimechoka kungoja. Ziba."

Fundi alichota chokaa kwa kidole gumba. Akaegemeza paji la uso darini, kisha akabonyeza, akalainisha, mpaka lisijulikane lilipokuwa tundu.

Nyumbani, mama alikuwa ameshaandaa meza, anacheka. Hakuwa amecheka vile tangu afiwe na mumewe.

"Njoo ule," alimwambia, akivuta kiti. "Keti hapa, karibu na mdogo wako."

Fundi akanawa mikono, akaketi.