Birika la Mama Lilichemka Mara Moja

"Amenifungia! Kaka yangu wa damu amenifungia mlango nisimwone mama!"

Nilipiga kelele wodini hadi nesi akaja mbio. Jamani, nilikuwa mjamzito wa kulazwa, nimekatazwa hata kunyanyuka, maana mimba zangu zote za nyuma zilitoka.

Ngoja niwaeleze muelewe.

Mama alipigwa na kiharusi. Ulimi ukaondoka, mdomo ukapinda. Simu haongei, video hataki, anaufunika uso. Basi mimi mtu wa kompyuta, na kaka yangu fundi umeme anayeishi na mama, tukaweka kidude kwenye soketi ya birika lake. Akichemsha maji tu, nukta ya kijani inatokea kwenye dashibodi, yaani ukurasa wetu wa kufuatilia, naiona kwenye simu yangu huku mji mwingine.

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu. Tena nukta zilikuja mbilimbili, maana mama akichemsha anasahau, maji yanapoa, anachemsha tena. Nilikuwa nacheka peke yangu.

Asubuhi ile... ukurasa ukagoma!

"Kaka, dashibodi haifunguki."

"Mtandao huo, Mziwanda. Pumzika."

"Mama vipi?"

"Yupo... Pumzika wewe."

Nipumzike wapi! Nikachukua laptop, nikaingia kwenye ile kompyuta ndogo iliyoko kwa mama. Programu yetu inaishi ndani ya kontena, yaani kachumba kake humo humo kwenye kompyuta. Kachumba hako kasipofunguliwa mlango, wa nje haoni kitu, hata kama ndani kazi inaendelea.

Kontena nililikuta zima kabisa. Ila jana usiku kuna mtu aliliunda upya, bila mlango.

Na mwenye funguo za mashine ile ni mimi na kaka tu!

Hapo ndipo nilipopiga zile kelele, nesi akaja. Anaficha nini huyu?

Nikachimba njia ya pembeni hadi ndani. Dashibodi ikafunguka.

Nukta zipo! Jana ipo. Leo asubuhi ipo!

"Mama mzima!" nikamwambia nesi huku nalia kwa furaha.

Siku zote nilitazama kama nukta ipo tu, sikuhesabu; sasa nikatazama vizuri...

Leo nukta moja. Jana moja. Nikarudi nyuma wiki nzima: moja, moja, moja. Na mama yangu, tangu augue, hajawahi kuchemsha maji mara moja akaishia hapo.

Nikapiga tena.

"Kaka, nani anachemsha maji?"

"Pumzika, Mziwanda."

"Kaka!"

"Mimi."

"Mama yuko wapi?"

Fundi umeme mzima, mwanaume wa kupanda nguzo, nikamsikia anaangua kilio.

"Tumemzika, Mziwanda. Daktari wako alisema ukishtuka utampoteza mtoto. Nikawa nawasha birika ili uone nukta, utulie. Jana uongo ukanishinda, nikaufunga mlango."

"Umefunga jana, na leo umechemsha! Hakuna aliyekuwa anaona. Ulikuwa unamdanganya nani?"

"Nafsi yangu, mdogo wangu. Birika likinguruma jikoni, naona kama yupo."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Kaka yangu alificha hadi kilio chenyewe.

Mtoto alizaliwa salama. Wa kike, ana mdomo wa bibi yake, ule wa kabla haujapinda. Kaka nilimchukia, nikamsamehe, nikamchukia tena.

Nyie mnaoficha misiba kwa huruma, nisikilizeni. Mnayemficha ataulilia msiba huo peke yake, siku ambayo nyinyi mmeshafuta machozi. Mngemwita mlie naye.

Mlango wa dashibodi nimeufungua. Birika langu nalo nimeliunganisha. Kila asubuhi kaka anachemsha kule, mimi nachemsha huku, na nukta zinatokea mbili.