Simu Iliyobaki Wazi Mkutanoni

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tisa, saa tatu na dakika kumi asubuhi. Fundi wa lifti alikuwa amepiga magoti juu ya lifti ya jengo la kituo cha habari, simu sikioni, akimsikiliza mpenzi wake, msomaji wa taarifa ya habari, akimsomea vichwa vya habari kwa mazoezi, kama kila asubuhi.

Walijuana lifti ilipokwama na watu kumi na mmoja. Alipoufungua mlango, kumi walitoka wakifoka. Mmoja, mwenye gauni la kijani na jasho shingoni, akasema ahsante.

"Nusura nisome habari humu humu, fundi."

"Ungesoma tu. Kwa sauti hiyo lifti ingepanda yenyewe."

Basi, Jumanne ile msomaji akaitwa mkutanoni ghafla. Akaitumbukiza simu mfukoni bila kuikata. Fundi akasikia viti vikiburutwa, kisha mkurugenzi wa habari, sauti ya mtu aliyeshiba: "Hiyo habari ya wagonjwa toeni. Wanaofia foleni ya hospitali hawanunui kitu."

Wakubwa wakacheka. Fundi hakucheka. Mke wake alifia foleni hiyo, kadi namba sitini na mbili mkononi.

Na simu ya fundi hurekodi kila anayepiga. Aliiweka hivyo baada ya msiba, alipogundua hakubaki na hata neno moja la marehemu, na msomaji alilijua hilo.

Kufika alasiri, kila kituo kilikuwa kinairusha sauti ya mkurugenzi. Kituo chake mwenyewe kilisoma hali ya hewa mara mbili.

Jioni simu ikaita.

"Mpenzi, wanakagua simu zetu mmoja mmoja. Ni wewe?"

"Mimi? Mimi najua nini mambo ya wakubwa?"

"Nimekuuliza vizuri."

"Nami nimekujibu vizuri."

Msomaji akakata simu. Tangu hapo akawa anapanda ngazi, ghorofa sita, viatu virefu mkononi, asiingie lifti ya fundi.

Jumamosi akaingia. Fundi alikuwa ndani, anakaza skrubu. Mlango ukajifunga.

"Nimepewa hii nisome saa saba," msomaji alisema, akipunga karatasi. "Eti sauti ile ni ya kughushi. Nisipoisoma, nikusanye vitu vyangu."

Bisibisi ikamdondoka fundi. "Ni mimi. Niliwapelekea wale wa kituo kingine. Nilikudanganya, mpenzi. Walimcheka mke wangu."

Msomaji akamfuta grisi shavuni kwa kidole gumba.

"Siku tatu napanda ngazi kwa ajili ya uongo wako. Magoti yameniisha!"

"Nitakuoa na magoti yako hayo hayo."

"Mtu anachumbiwa ndani ya lifti? Huna haya, baba!" Lakini alikuwa anacheka, na macho yamemlowa. Akaikunja karatasi ile ndogo kabisa, akaisokomeza mfukoni mwa shati la fundi. "Haya. Kanitunzie."

Ghorofa ya sita. Mlango ukafunguka, akatoka mikono mitupu kuelekea studio. Fundi akamtazama mgongo, na lile wazo la tangu Jumanne likamrudia: huyu mtu wa maikrofoni, anayekagua mara mbili kama imezimwa ndipo apige chafya.

"Mpenzi!" aliita, mguu ukizuia mlango. "Siku ile ulisahau kuikata simu, au uliiacha makusudi?"