Tawi Langoni kwa Mzee Gikonyo

Baridi ya Mlima Kenya ndiyo iliyomsukuma Theuri hadi kibanda cha mitumba cha Wakiuru, sokoni Chaka. Alikuwa kijana wa Mukurweini, mpima ardhi, na shati lake jembamba lilimwaibisha. Wakiuru, kitambaa cha buluu kichwani na gambuti miguuni, alimrushia sweta ya kijani.

"Hii iko na tundu," Theuri akasema.

"Hiyo ni ya kuingiza hewa. Na sijakuongezea bei."

Kesho yake alirudi kununua nyingine asiyoihitaji. Haukupita muda wakawa wanapigiana simu asubuhi na jioni, naye Theuri akimwita sweetie mbele ya wenzake bila haya. Kuhusu kazi alisema tu kwamba anapima barabara. Laiti angesema yote.

Wakiuru alikuwa na ombi moja: aposwe kwao, lilipo kaburi la mama yake. Desturi ya huko ni kijana kuja na wazee wake na kupanda tawi langoni, ithigi, ili watu wajue binti ana mwenyewe.

Jumamosi ya kuposa, Wakiuru alimwelekeza kwa simu. Theuri alikuja na wazee wawili, suti ya kijivu, tawi mkononi. Kadiri walivyokaribia, alipunguza mwendo. Kwenye ramani ya kazini boma lile lilikuwa nambari tu, lakini lango lake la mabati alilijua.

Mzee Gikonyo, babake Wakiuru, alimtambua kabla ya salamu.

"Si ni wewe nilikushikia tepu?"

Ndiye. Miezi mitatu nyuma Theuri alimwambia kwamba serikali inapanua barabara na itagusa ua tu. Mzee akampa chai, akamshikia ncha ya tepu huku vigingi vikipigwa. Juzi barua ilikuwa imekuja: shamba lote linachukuliwa kujengwa viwanda, pamoja na nyumba na kaburi.

"Bosi ndiye aliniambia niseme hivyo," Theuri akasema.

"Lakini ni wewe niliamini, kijana yangu."

Tawi lilirudi na wenyewe. Wakiuru alilia wiki nzima, wala hakushika simu yake. Theuri aliacha kazi, ila hilo halikung'oa kigingi hata kimoja.

Siku ya kuhamisha kaburi alifika na jembe bila kuitwa, amevaa ile sweta yenye tundu. Alichimba na jamaa hadi mchana. Wakiuru akamletea chai, wakainywa pamoja. Wiki iliyofuata tingatinga liliangusha nyumba.

Theuri akaja tena na tawi, safari hii kwenye chumba walichokodi Wakiuru na baba yake mjini Chaka. Uwanja ulikuwa simiti tupu. Mzee alimpa mkono, akamwambia amemsamehe, kisha akatazama chini.

"Lakini geti hii ni ya landlord. Utapanda wapi?"

Wakiuru alimsindikiza hadi barabarani. Theuri akamwambia watapanda kwingine, popote atakapotaka.

"Nakupenda, Theuri, hiyo usiwahi kuuliza," akasema. "Lakini nilitaka kutokea kwetu, na kwetu hakuna. Na kila nikikuona, naona baba akikushikia tepu."

Upepo wa mlima ulikuwa mkali. Akamfunga kifungo cha juu cha sweta, kama alivyozoea, kisha akarudi ndani kumpikia baba yake.