Sauti Katika Stoo ya Kamusi

Wewe unamwamini mdogo wako kiasi gani? Rafiki yangu, msahihishaji wa gazeti, alimwamini wa kwake mia kwa mia. Gazeti lilitaka mhariri wa ukurasa wa chemshabongo, na mtihani ulikuwa kuleta maneno marefu ya Kiingereza yenye herufi V, R, T, N na U. Washindani walikuwa wawili: yeye, na jirani yake wa meza aliyejiita Profesa bila hata cheti cha kumsitiri. Wiki tatu rafiki yangu alisaka maneno, na kila jioni mdogo wake akamnakilia orodha. Mtu mwingine hakuiona.

Asubuhi ya mtihani aliingia stoo ya kamusi kuhakiki neno la mwisho. Taa ilikuwa imeungua, dirisha limezibwa na makabati. Huko gizani mtu alikuwa akisoma polepole: "Counterrevolutionary." Kisha: "Overenthusiastically." Ilikuwa orodha yake, kwa mpangilio wake, kwa sauti ya mdogo wake.

"We mtoto, toka humo! Unanitisha ili iweje?"

Sauti ikaendelea kusoma.

Akampigia simu. Mdogo wake akapokea akiwa nyumbani, maji ya bomba yakichuruzika.

"Dada, naosha vyombo. Nani huyo anasoma?"

"Niambie wewe."

Bomba likafungwa. Stoo haikunyamaza, neno lilifuata neno, kisha msomaji akakohoa mara mbili.

"Hapo ndipo nilipokohoa," mdogo wake akasema, akilia. "Jana, dada. Nilimsomea Profesa orodha yote kwa simu, kumbe alikuwa akinirekodi."